Saratani ya tezi dume ikishafika mifupani: Tunawanyima wazee wetu dawa kwa aibu



Ndugu msomaji, naanza kwa kuwaomba mama zangu na dada zangu wasigeuze ukurasa huu kwa kuona kichwa cha habari kinahusu wanaume. Mzee akiumwa usiku ni nyinyi mnaoamka kumgeuza, ni nyinyi mnaofua mashuka, na mara nyingi ni nyinyi mnaojua mwanzo kabisa kwamba mkojo haumtoki vizuri. Vijana wa kiume nao wasome, kwa sababu wao ndio huja kukaa kwenye benchi langu la nje na kusema, "Daktari, tuongee pembeni kwanza, mzee asisikie." (Mimi ni tabibu, si daktari, lakini nimechoka kuwasahihisha watu.)

Habari hii naieleza kwa idhini ya mwenyewe. Kwa sitara yake sitaji jina wala mtaa.

Mwaka 2021 alikuja kituoni kwetu mzee wa miaka 67, muadhini wa msikiti ninaosali. Analalamika mgongo. Nikampima presha, nikamgusagusa kiuno, nikamwandikia sindano za diklofenaki na vidonge vya vitamini B. Mgongo wa mzee aliyelima na kubeba magunia ujanani, nani ataushangaa? Akapata nafuu siku tatu, maumivu yakarudi. Akaenda kuumikwa, akasomewa, akanywa kombe, akachuliwa kwa mafuta ya habasoda. Akarudi kwangu, nikampa diklofenaki nyingine. Tulizunguka hivyo miezi mitano.

Mimi niliyesoma miaka mitatu ya utabibu sikumuuliza hata mara moja: "Mzee, mkojo unatokaje? Usiku unaamka mara ngapi? Maumivu haya yanakuamsha usingizini?" Ningemuuliza angenijibu, kwa kuwa majibu yote alikuwa nayo. Mkojo ulikuwa unakatika-katika kwa mwaka mzima, usiku anaamka mara nne au tano, na mgongo ulikuwa unauma zaidi akiwa amelala kuliko akiwa shambani. Maumivu ya mgongo ya kawaida hutulia mtu akipumzika. Maumivu ya mfupa wenye saratani hayajali mapumziko, na usiku ndio wakati wake.

Tulipompima damu kipimo kiitwacho PSA, ambacho kwa wanaume wengi huwa chini ya 4, chake kilizidi 300. Picha ya eksirei ilionyesha madoa meupe kwenye nyonga na kwenye pingili za mgongo. Hospitali ya rufaa wakachukua kinyama cha tezi, jibu likaja: saratani ya tezi dume, nayo imekwisha kuhamia mifupani.

Hapo ndipo vijana wake walipokuja kukaa kwenye benchi.

Kabla ya hayo, nieleze tezi dume ni kitu gani, maana wengi hulisikia jina tu. Ni tezi iliyo chini ya kibofu cha mkojo, imezunguka njia ya mkojo inapoanzia, na kwa kijana ukubwa wake haupiti ndimu ndogo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Kila mwanamume anayo, na kwa wengi huvimba kadiri umri unavyosogea. Uvimbe huo wa uzeeni mara nyingi si saratani, na mtu asiingiwe na hofu kwa kuamka usiku mara mbili. Lakini ndani ya tezi hiyo hiyo saratani inaweza kuanza kimya kimya, na inapotoka huko hupenda mifupa: uti wa mgongo, nyonga, mbavu, sehemu ya juu ya mapaja. Mishipa ya damu inayotoka sehemu za nyonga imeungana na mishipa inayozunguka pingili za mgongo, hivyo njia ipo wazi.

Ikishafika huko haitoki kabisa. Hili nalisema wazi kwa sababu wapo wanaouza chupa za dawa kwa kuahidi kinyume chake, na baadhi yao huuza nje ya misikiti yetu baada ya Ijumaa. Lakini kutokuponyeka si sawa na kutotibika. Sukari haiponi na presha haiponi, na watu wanaishi nazo. Saratani hii, hata ikiwa mifupani, ina dawa inayoirudisha nyuma kwa miezi na mara nyingi kwa miaka.

Dawa yenyewe ndiyo inayotutia aibu. Saratani ya tezi dume inakula homoni ya kiume, testosteroni. Ukiinyima chakula hicho, inasinyaa. Jambo hili lilithibitishwa Chicago mwaka 1941 na Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, na Huggins akapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1966. Zaidi ya asilimia 90 ya homoni hiyo inatengenezwa kwenye korodani. Hivyo njia zipo mbili za kuikata. Ya kwanza ni kuzitoa korodani kwa upasuaji mdogo. Ya pili ni sindano, kama goserelini, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila mwezi au kila miezi mitatu, ambayo inazifanya korodani zilale bila kutolewa.

Kwa nguvu ya kuizuia saratani, njia hizi mbili zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba upasuaji unafanyika mara moja, homoni inashuka ndani ya nusu siku, na gharama yake inaisha siku hiyo hiyo. Sindano inaendelea maisha yote. Mwanzoni inaweza hata kuipandisha homoni kwa muda kabla ya kuishusha, ndiyo maana mgonjwa hupewa kwanza vidonge vya kuzuia madhara ya kupanda huko. Na sindano ikikosekana, baada ya muda korodani zinaamka, homoni inarudi, na saratani inapata chakula tena.

Mwenye uwezo wa sindano bila kukatiza, au mwenye bima inayolipia, achague sindano kwa amani. Ugomvi wangu ni na familia inayochagua sindano kwa mchango wa harusi.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Vijana wa mzee waliniambia: "Tumwambie ni tezi tu imevimba. Akisikia saratani atakata tamaa, atatufia." Nikakubali. Nilijiambia kwamba ni hekima na kwamba ni kumhurumia. Mtaalamu wa upasuaji alipomweleza mzee kwamba inafaa korodani zitolewe, mzee alimtazama kama anayetazama mwendawazimu. Tezi tu, halafu nihasiwe? Akasema mbele yetu sote: "Mimi sifanywi maksai kwa ajili ya mkojo." Vijana wakachangishana, wakanunua sindano ya miezi mitatu. Maumivu yakapungua, akarudi kuadhini. Wakanunua ya pili. Ilipofika zamu ya tatu, mmoja alikuwa na ada ya shule, mwingine pikipiki imegonga, na mzee mwenyewe alikuwa hana habari kwamba kuna kitu cha kuhofia, kwa hiyo hakuuliza. Miezi mitano ikapita bila sindano.

Siku moja ya Ijumaa alisujudu akashindwa kuinuka. Miguu ilikuwa mizito, na ganzi ilikuwa imepanda mpaka kitovuni. Kaka yake akasema ni upepo mbaya. Akakaa nyumbani siku mbili anasomewa. Kusomewa ni jambo la kheri, nami nilifika nikamsomea, lakini kulikuwa na gari mlangoni na hakuna aliyeliwasha.

Ndugu msomaji, kama utasahau yote katika ukurasa huu, hili lishike. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume ambaye miguu inamlegea ghafla, au anapata ganzi kuanzia kiunoni kushuka, au mkojo au choo kinaziba au kinamtoka bila habari, huyo hana kesho. Saratani kwenye pingili inaubana uti wa mgongo wenyewe. Anatakiwa hospitali kubwa saa ile ile, alale chali asibebwe mgongoni wala kwenye pikipiki, apewe dawa ya deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, kisha mionzi au upasuaji. Anayefika akiwa bado anatembea, mara nyingi hubaki anatembea. Anayefika miguu imekwisha kufa, mara nyingi hubaki hivyo hivyo. Tofauti kati ya watu hao wawili inaweza kuwa saa 24.

Mzee wetu alifika akiwa bado anachezesha vidole na anaweza kusimama akishikwa pande mbili. Alipelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, akapata mionzi ya mgongo. Na huko huko, mjukuu wake wa kike anayesoma chuo alimwambia ukweli. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alimwambia, "Babu, ni saratani, imefika kwenye mifupa, na walikuficha."

Nilimpigia simu usiku ule. Baada ya "Shikamoo" yangu alikaa kimya kidogo, akaitikia "Marahaba," kisha akaniuliza: "Mwanangu, na wewe ulijua?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniambia ningekata zamani."

Sijapata usingizi mzuri kwa neno hilo. Miezi yote tulidhani anakataa matibabu kwa ujinga au kwa kiburi cha kiume. Kumbe alikuwa anakataa kwa akili timamu, kwa habari za uongo tulizompa sisi. Mtu hawezi kukubali kupoteza kiungo kwa ajili ya ugonjwa ambao ameambiwa hana.

Ndiyo maana nasema, na najua wapo wazee wa mtaani watakaonikasirikia, kwamba desturi yetu ya kumficha mgonjwa ugonjwa wake tuiache. Huyu ni mtu mzima, mukallafu. Ana madeni ya kulipa na ya kudai, ana wasia wa kuandika, ana watu wa kuwaomba radhi. Mtume (s.a.w.) amesisitiza wasia usicheleweshwe kwa mwenye kitu cha kuusia, ataandikaje mtu anayeambiwa kila siku kwamba wiki ijayo atapona? Hakuna haja ya kumtupia habari kama jiwe. Muulize kwanza yeye anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Wapo watakaosema, "Mwambie mwanangu mkubwa, mimi nisielezwe." Hiyo ni haki yake pia, ilimradi aitamke yeye kwa kinywa chake.

Usiku huo mzee aliniuliza maswali matatu, nami nayaandika hapa kwa sababu nimeulizwa hayo hayo na wengine tangu siku ile.

Swali la kwanza lilikuwa kuhasiwa si kumekatazwa? Mimi nimemaliza madrasa, mufti si mimi, kwa hiyo nililipeleka kwa sheikh wangu aliyenisomesha. Jibu lake lilikuwa refu, muhtasari wake ni huu: ni kweli limekatazwa. Baadhi ya Maswahaba waliokuwa safarini vitani bila wake zao waliomba ruhusa ya kujihasi, Mtume (s.a.w.) akawakataza. Lakini wale walikuwa na viungo vizima, walitaka kuua matamanio. Huyu ana ugonjwa unaomuua, na waganga wanaoaminika wamesema kiungo hicho ndicho kinachoulisha. Mguu uliooza unakatwa, na hakuna anayesema amekatwa kwa kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Mlango wa dharura uko wazi kwa sababu hiyo. Msomaji mwenye shaka amuulize sheikh wake, lakini aende na cheti cha hospitali mkononi, asiende na swali la jumla.

Swali la pili lilikuwa la uadhini wake, na ndoa yake. Sheikh alisema adhana haina sharti la korodani, na ndoa haivunjiki. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza.

La tatu aliliuliza kwa sauti ya chini mno nikamwomba arudie. "Siku nikifa, watakaonikosha si wataona?"

Wallahi sikuwa nimewahi kulifikiria. Ukiwa umevaa koti jeupe unadhani mtu anaogopa kisu, kumbe anaogopa siku ya kuoshwa. Nilimkumbusha anachokijua kuliko mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyewakosha wengi mtaani kwetu: maiti husitiriwa kuanzia kitovu hadi magoti, muoshaji anapitisha mkono uliofungwa kitambaa chini ya nguo, na akiona aibu anaificha. Na kitabibu nilimweleza jambo ambalo madaktari wetu husahau kulisema: ipo namna ya kutoa kiini cha ndani tu na kuacha ganda la nje, ili mfuko usionekane mtupu. Wazee, liulizeni hilo kabla ya kusaini. Upasuaji wenyewe ni wa ganzi, mara nyingi hauzidi saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake.

Alizungumza na mkewe usiku kucha kwa simu. Asubuhi akasaini.

Juu ya mke, niseme kidogo. Matibabu haya, yawe ya kisu au ya sindano, yanaondoa hamu ya tendo la ndoa kwa wanaume wengi, na nguvu pia. Mifupa inapungua uimara, misuli inalegea, tumbo linaongezeka, sukari inaweza kupanda, na wengine wanapata huzuni isiyo na sababu. Na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, jasho linamtoka mtu akiwa amekaa kivulini. Mama wa nyumba ile aliposikia hilo aliangua kicheko: "Sasa atajua nilivyokuwa mimi, alikuwa akinifungia feni." Lakini mama ambaye hakuelezwa kitu anaweza kudhani mume amemchukia au ameoa pengine. Kwa hiyo mke aitwe ndani, akae kitako, aelezwe pamoja na mumewe. Ana haki katika jambo hilo kuliko shemeji na kaka.

Je, baada ya homoni kukatwa, ndiyo basi? Hapana. Miaka ya karibuni mambo yamebadilika sana. Utafiti uliofanyika Marekani kwa wanaume 790, ukachapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kuongeza dripu sita za dositakseli, moja kila wiki tatu, mwanzoni mwa matibabu ya homoni, kulisogeza maisha: nusu ya waliopata homoni peke yake waliishi zaidi ya miezi 44, na nusu ya walioongezewa dripu waliishi zaidi ya miezi 57. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye ugonjwa uliosambaa sana. Vipo pia vidonge vya abirateroni, vinavyozima hata ile homoni kidogo inayotengenezwa nje ya korodani. Huliwa tumbo likiwa tupu, pamoja na kidonge cha prednisoloni, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaviingiza katika orodha ya dawa muhimu. Hivi vyote ni nyongeza juu ya kukata homoni, havichukui nafasi yake. Mwulize mtaalamu kipi kipo na kipi bima yako inalipia. Mfungaji wa Ramadhani anayekunywa prednisoloni asiiache ghafla kwa ajili ya swaumu, kwani kuiacha ghafla kunaweza kumwangusha. Aongee na mtaalamu kabla ya mwezi kuandama.

Kwa mfupa mmoja unaouma sana, mionzi ya mara moja tu inaweza kutosha. Watu wanadhani ni lazima ukae Dar es Salaam miezi. Kwa maumivu ya mfupa, dozi moja imeonekana kutuliza sawa na dozi nyingi, ingawa nafuu huchukua wiki moja hadi nne kufika. Ipo pia dripu ya asidi ya zoledroniki ya kuimarisha mifupa, ambayo kabla yake meno mabovu yang'olewe na figo zipimwe.

Sasa mofini. Hapa nina hasira kidogo, msomaji anisamehe.

Mzee wetu aliporudi nyumbani, kabla mionzi haijafanya kazi yake, alikuwa analia. Mtu mzima aliyeadhini miaka thelathini anauma mto. Alikuwa amepewa mofini ya maji ya kunywa, chupa iko juu ya kabati, na vijana wamekataa kumpa. Mmoja anasema ni ulevi, haramu. Mwingine anasema akianza hiyo ndiyo safari, wagonjwa hupewa wakishakata roho. Barazani wakataja kisa cha Urwa bin Zubayr, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, aliyekatwa mguu kwa donda baya akakataa kupewa kinywaji cha kumpoteza fahamu.

Kisa hicho nakipenda tangu madrasa. Lakini Urwa alikataa mwenyewe, kwa ajili ya mguu wake mwenyewe. Hakuna mahali palipoelezwa kwamba wanawe walikaa kwenye jamvi wakinywa kahawa na kumkatalia baba yao. Na mguu, wakubali wasikubali, ulikatwa.

Mofini kwa mgonjwa wa maumivu ya saratani si ulevi wa kijiweni. Inatolewa kidogo kidogo kwa kipimo, kila baada ya saa nne, kwa saa maalumu na si kusubiri mpaka apige kelele, na dozi inaongezwa taratibu na anayejua. Siku mbili tatu za mwanzo anasinzia, kisha wengi hukaa macho wakaongea na wakasali. Haimuui anayepewa kwa kipimo sahihi, na mwenye maumivu ya kweli anayefuata maelekezo ni nadra kuwa mraibu. Shida yake kubwa ni choo kuwa kigumu, kwa hiyo apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na maji, na papai. Shirika la Afya Duniani limeiweka mofini katika orodha ya dawa muhimu tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Wenzetu wa Uganda mwaka 2004 waliwaruhusu hata wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asife akilia. Nawaonea wivu kwa hilo. Na masheikh niliowauliza, wote, wameihesabu katika dharura ya ugonjwa.

Kinachotia khofu zaidi ni ile diklofenaki tuliyompa kwa wepesi, mimi wa kwanza. Kwa mzee ambaye mkojo unaziba na figo zimeelemewa, sindano hizo za kununua dukani zinaweza kumaliza figo.

Mwenye mpira wa mkojo naye asiache kusali kwa kudhani hana tohara. Hukumu yake ni ya mwenye udhuru: anajisafisha, anatia udhu kila wakati wa swala unapoingia, anasali kwa hali yake, amekaa au amelala. Kiusafi, anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, panapoingilia mpira paoshwe kwa maji na sabuni kila siku, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu, na umwagwe kabla haujajaa. Mpira ukiacha kutoa mkojo na tumbo la chini likauma, au homa ikapanda na baridi, ni hospitali. Na ndani ya nyumba, toeni mikeka inayoteleza mlangoni mwa choo. Mfupa wa aina hii unavunjika kwa kuanguka kidogo sana.

Mzee leo anatembea kwa fimbo. Anasali kwenye kiti, mwisho wa safu ya kwanza, na adhana ya alfajiri amemwachia mjukuu wa kiume, ingawa ya adhuhuri hakubali kuiachia. Mwaka jana PSA ilianza kupanda tena, akaanzishiwa abirateroni. Anajua maana yake. Ameandika wasia, shamba la minazi amelitenga mapema kabla watu hawajaligombania.

Limebaki la vijana wake. Mwanamume ambaye baba au kaka yake amepata saratani hii, hatari yake ni kama mara mbili ya wengine, na sisi watu weusi tayari tuna hatari kubwa zaidi ya jamii nyingine. Huyo asingoje dalili. Akifika miaka 40 au 45 azungumze na mtaalamu kuhusu kupima PSA, na akiambiwa kipimo cha kidole kinahitajika asikimbie, kinachukua dakika isiyotimia. Niliwaambia hivyo vijana watatu wa mzee, pale pale kwenye benchi la nje. Wawili wamekwisha kuja. Wa tatu yuko Muscat, amenitumia ujumbe kwamba atapima huko huko mwezi wa Shaaban, na baba yake ameniagiza nimkumbushe.